Siku ya Sita Ilikuwa ya Dada

Madereva walimwita Mama Zamu, na hata mkurugenzi wa kampuni alikuwa ameshasahau kwamba ana jina jingine. Kwa miaka ishirini na tisa alikaa kwenye chumba chembamba nyuma ya karakana ya mabasi, mbele yake ubao mweupe wenye mistari, akipanga nani aendeshe lini, alale wapi, na asiguse usukani kwa saa ngapi. Chumba kilinuka dizeli na wino wa kalamu za ubao. Madereva waliingia wakimbembeleza awaongezee safari, naye aliwatazama macho kwanza. Akiyaona mekundu alifuta jina bila kusema neno.

"Mama Zamu, mimi mzima kabisa," dereva angelalamika.

"Mzima wa kwenda kulala. Aliyechoka haendeshi gari, gari ndilo linalomwendesha."

Wakamwogopa kidogo, wakampenda sana. Walipomuudhi alikuwa hapigi kelele. Aliyemjibu vibaya leo, wiki mbili baadaye angejikuta kapangiwa basi bovu kwenye barabara ya vumbi siku ya mechi, na kwenye karatasi kila kitu kikiwa halali. Hapo wenzake wangemcheka: "Ulidhani amesahau? Kutesa kwa zamu, na zamu anapanga yeye."

Alistaafu akiwa na miaka hamsini na mitano, mume wake ameshatangulia mbele ya haki na watoto hakujaliwa. Mwezi ule ule wa kustaafu simu ilimjia kutoka nchi ya nje. Alikuwa ni mpwa wake, binti wa dada yake wa pekee. Walikuwa hawajawahi kuonana. Walijuana kwa simu tu, mmoja akiitwa mama mdogo na mwingine mwanangu, bila majina, tangu miaka miwili nyuma mama yake Mama Zamu alipofariki na dada akampigia mdogo wake kwa simu ya binti kutoa pole. Dada hakuja mazikoni. Hakuja hata kumzika baba. Tangu alipoondoka akiwa msichana wa miaka ishirini na miwili, hakurudi tena. Alituma vifurushi vya nguo mara moja kwa mwaka na salamu fupi fupi.

"Mama mdogo," binti alisema, "mama naye anastaafu. Wenzake wa hospitali wanamfanyia sherehe. Njoo. Tusimwambie, tumshtukize."

"Mimi? Niliyefika mbali kuliko kote ni mwisho wa njia ya basi letu."

"Ndiyo maana nataka uje. Nitakupangia ratiba."

Ratiba ikatumwa. Mama Zamu aliisoma akiwa amesimama jikoni, akacheka peke yake. Siku tano, mahali kumi na sita. Makumbusho asubuhi, maporomoko ya maji mchana, mnara jioni, na kesho yake kuamka saa kumi alfajiri kuwahi kivuko. Akampigia.

"Mwanangu, hii si ratiba, ni adhabu. Mimi mgeni. Siku ya kwanza mgeni anatafuta choo kiko wapi na swichi ya taa iko upande gani. Usinipeleke popote."

"Sasa tutafanya nini?"

"Siku nane. Kufika na kulala. Siku ya pili mtaa wenu tu, nijue magari yanatokea upande gani na mkate unanunuliwa wapi. Jambo moja kwa siku, la asubuhi. Mchana miguu ipumzike. Katikati iwepo siku moja tupu, kwa sababu lazima kitu kitaharibika, na kikiharibika kiwe na mahali pa kuingia."

Binti akaona ana mwalimu. Kwa wiki mbili walipanga kwa simu, wakibishana kuhusu maporomoko ya maji kama watu waliolelewa nyumba moja. Sherehe ilikuwa Ijumaa, lakini Mama Zamu alitaka amwone dada yake mapema, Jumapili ile ile atakayofika. "Mambo ya kushtukiza waachieni watoto," alisema. "Miaka thelathini na sita nimengoja. Nikitua tu, nipeleke kwake."

Nchi ile haikudai barua ya mwaliko. Ilitaka pasipoti na tiketi ya kurudi, basi. Akaenda ofisi ya uhamiaji na vyeti vyake kwenye bahasha ya kaki.

Ofisa aliyemhudumia alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliingiza majina kwenye kompyuta, akaingiza tena.

"Mama, pasipoti yako ya zamani iko wapi?"

"Sijawahi kuwa nayo, baba."

"Hapa inasema uliwahi. Jina lako, la baba yako, la babu yako. Tarehe ya kuzaliwa hii hii."

"Basi mashine yako imenichanganya na mtu."

Ofisa akainuka, akakaa huko ndani muda mrefu, akarudi na jalada lililopauka kingo. Alilifungua na kuligeuza upande wa Mama Zamu. Fomu ilikuwa na majina yake yote matatu, na chini yake picha ndogo ya msichana aliyekaza midomo. Msichana yule alikuwa dada yake.

Nyuma ya fomu kulikuwa na barua iliyobanwa kwa pini iliyoshika kutu. Chuo cha nje kilikuwa kikifurahi kumpa yeye, Mama Zamu, nafasi ya kusomea ufamasia, karo na malazi vikiwa vimelipwa. Tarehe ilikuwa ya miaka thelathini na sita nyuma.

Mama Zamu aliisoma mara moja tu. Hakuhitaji mara ya pili, maana mwaka ule ulikuwa umemkaa mwilini. Alikuwa na miaka kumi na tisa, wa kwanza darasani, na miezi mitatu mizima alimuuliza dada yake kila jioni kama kuna barua, kwa kuwa dada ndiye aliyetumwa posta na ndiye aliyekaa na ufunguo wa sanduku. "Bado, mdogo wangu." Halafu ikawa, "Hawakukuchagua. Mungu hakupanga." Na dada akamkalisha chini, akamsuka nywele taratibu, akimbembeleza kama mama. Mwaka ule ule cheti chake cha kuzaliwa kilipotea. Nyumba ikapekuliwa mpaka chini ya magodoro, na baba akamchapa fimbo mbele ya majirani kwa uzembe wa kupoteza karatasi yake mwenyewe. Dada alikuwepo. Ndiye aliyempaka mafuta mgongoni. Mwezi mmoja baadaye akaaga kwamba amepata kazi ya nyumbani nchi ya nje.

"Unamfahamu huyu?" ofisa aliuliza, kidole juu ya picha.

Hapo palikuwa na njia mbili, na Mama Zamu alizijua njia maisha yake yote. Angetaja jina tu, kazi ingefanywa na serikali: simu, barua, polisi wa nchi mbili. Lakini serikali haikuchapwa fimbo.

"Simfahamu," alisema.

Alama za vidole zikapimwa, za kwenye jalada na zake, zikakataana. Akaapa kwa maandishi kwamba mtu asiyejulikana alitumia jina lake, akaomba nakala ya fomu ile yenye picha, akapewa. Baada ya wiki tano akapata pasipoti. Nakala aliikunja mara nne na kuiweka kwenye mkoba, mfuko wa ndani wenye zipu.

Jioni ya siku aliyoipata pasipoti akampigia mpwa wake.

"Mwanangu, nimebadili mawazo. Tumshtukize kama ulivyosema. Mama yako asinione mpaka siku ya sherehe."

"Nilikwambia!" binti alifurahi. "Na zile siku za mwanzo?"

"Zibaki vile vile. Nataka nifike mbele yake nikiwa nimelala vizuri."

Hakumwambia sababu. Mtu aliyechoka hulia, na yeye kulia hakukupanga. Alichukua karatasi safi, akachora mistari yake kama ya ubaoni. Jumapili, kufika. Jumatatu, mtaa. Jumanne, soko, na jirani wa binti amfundishe sentensi moja ya lugha ya kule. Jumatano, chuo. Alhamisi, tupu. Ijumaa akaandika "Dada", akapigia mstari kwa rula. Maporomoko ya maji akayafuta, na binti hakubisha.

*

Binti alikuwa mrefu, mchangamfu, anacheka kabla hujamaliza neno. Alimpa mgeni kitanda chake, yeye akalala kwenye kochi. Jumatatu walitembea mtaa mmoja kwenda na kurudi, Mama Zamu akihesabu zamu za taa za barabarani kwa mdomo. Jumanne jirani, mzee aliyekuwa na paka watatu, alimfundisha kusema "Mimi naitwa" kwa lugha yao. Aliirudia mpaka paka wakachoka kumtazama.

"Hutaki kujifunza 'asante' au 'bei gani'?" binti aliuliza.

"Hii inanitosha."

Jumatano wakaenda chuoni. Yeye ndiye aliyeomba. Kilikuwa jengo la matofali lenye korido ndefu iliyong'arishwa, na ukutani picha za wahitimu mwaka kwa mwaka. Binti alikimbia mbele kama mtoto, akasimama, akagusa kioo.

"Huyu hapa mama! Wa pili mstari wa mbele. Unajua alikuwa mgeni pekee darasani? Kila tukipita hapa lazima niingie nimwone. Namwonea fahari sana."

Mama Zamu akavaa miwani. Chini ya picha, kwa herufi ndogo za dhahabu, lilikuwepo jina lake, la baba yake na la babu yake. Alisoma akaenda juu kwa uso, akarudi chini kwa jina, kama anayelinganisha namba ya basi na kadi yake. Kando kulikuwa na mlango wa maabara ulioachwa wazi, wasichana wenye makoti meupe wakimimina kitu kwenye mirija. Kiti kimoja kati ya vile kilikuwa chake. Alisikia mgongo ukimwasha pale pale zilipopita fimbo.

"Kapendeza," alisema. "Twende nikanywe maji."

Alhamisi hakufanya kitu. Alilala, akaamka, akapiga pasi gauni lake la bluu, akalala tena. Binti alipomuuliza kama anaumwa, alimjibu kwamba dereva mzuri hulala kabla ya mlima.

*

Sherehe ilifanyika mchana, kwenye ukumbi wa chakula wa hospitali, meza zimefunikwa vitambaa vyeupe na madirisha yote wazi. Walikuwepo watu kama hamsini. Dada alikaa mbele kwenye kiti kilichopambwa, mnene kidogo, mwenye heshima zake, nywele zimetiwa rangi. Karatasi zilisema ana hamsini na mitano. Magoti yake yalijua kwamba ni hamsini na minane. Mkuu wa hospitali alimsifu kwa dakika ishirini: mwaminifu, hajawahi kupoteza hata kidonge kimoja, mtu wa kuaminiwa na funguo. Mama Zamu, nyuma ya mlango wa jikoni, alifasiriwa maneno hayo na binti aliyekuwa akimnong'oneza, na kwenye neno funguo akatabasamu.

Kisha binti akamshika mkono, wakatoka.

Dada alimwona wakiwa hatua kumi. Kwanza uso wake uling'aa, wa kweli kabisa, uso wa mtu aliyemwona mdogo wake. Halafu ule mng'ao ukaondoka kama taa iliyokatiwa umeme. Akasimama. Watu wakapiga makofi.

"Mdogo wangu," alisema kwa sauti ndogo.

"Shikamoo, dada."

Wakakumbatiana. Mikono ya dada ilikuwa baridi. Watu wengine walikuwa wanapangusa machozi.

Mshereheshaji akaja na kipaza sauti kumwomba mgeni kutoka mbali ajitambulishe. Mama Zamu akakipokea. Akasema sentensi yake ya paka watatu, bila kukosea, na mwisho wake akaweka majina yake yote matatu, polepole, moja moja.

Ukumbi ukacheka kwa upendo. Walidhani mgeni wa watu amechanganyikiwa na lugha, badala ya kujitaja yeye amemtaja mwenye sherehe. Binti naye akacheka, akamwinamia: "Mama mdogo, hilo la mama. Useme jina lako wewe."

"Nimesema la kwangu," alijibu, na akalirudia kwenye kipaza sauti, akimtazama dada.

Safari hii waliocheka walikuwa wachache. Dada alikuwa ameketi. Mikono yake ilikuwa inanyoosha kitambaa cha meza, inanyoosha, inanyoosha, na hapakuwa na mkunjo wowote. Mama Zamu akarudisha kipaza sauti, akasema asante kwa lugha yake mwenyewe, akaenda kukaa meza ya jirani kabisa, uso kwa uso naye. Akala. Akaomba kuongezewa. Saa mbili zote za hotuba na zawadi dada hakumeza kitu, na kila alipoinua macho alikuta macho ya mdogo wake yanamsubiri, yametulia, yamelala vizuri. Mama Zamu alikuwa hajafurahi hivyo kwa miaka mingi, na hakujionea haya.

Walikutana kwenye korido ya vyooni. Dada ndiye aliyemfuata.

"Umekuja kunimaliza."

"Ningekuja kukumaliza, kazi ningeifanya Jumapili. Nimekuja, nikapumzika kwanza."

"Ulijuaje?"

Mama Zamu akafungua zipu, akamwonyesha nakala. Dada aliitazama picha ya ujana wake, akaegemea ukuta.

"Nilifeli," alisema. "Baba alikuwa ameshanitafutia mtu, mzee mwenye watoto sawa na mimi. Wewe ulikuwa na akili. Nilijua mwaka unaofuata utapata nyingine."

"Sikupata nyingine. Baba aliapa hatalipia tena fomu za mtoto anayepoteza vyeti."

"Hilo la fimbo..."

"Ulinipaka mafuta," Mama Zamu alisema. "Fimbo nilizisahau. Mafuta sijayasahau."

Dada akaanza kulia, akijizuia sauti kwa kiganja, maana ukumbini walikuwa wanaimba. "Unataka nini? Nikupe nini?"

"Kesho sina ratiba. Nimekuachia wewe siku nzima. Muite binti yako, umwambie kwa mdomo wako. Keshokutwa saa kumi jioni naondoka. Ikifika saa hiyo hujasema, nitasema mimi, na karatasi ninayo."

"Atanichukia."

"Sijui. Mimi sijazaa, hayo siyajui."

Akaosha mikono, akarudi ukumbini kula keki.

*

Jumamosi asubuhi binti aliitwa na mama yake, akaondoka akiimba. Mama Zamu akabaki dirishani. Hiyo ndiyo siku aliyoisubiri zaidi, siku ambayo yeye hafanyi chochote na dada anafanya kazi yote. Alijipikia chai, akaiacha ikapoa. Alihesabu taa za barabarani.

Binti alirudi mchana. Hakuvua viatu. Alikaa kwenye kochi alilokuwa analalia, macho yamevimba.

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Yaani mama si mama... jina ninaloandika kwenye fomu zangu zote, jina la mama, ni lako?"

"Ni langu."

Binti akajipangusa uso kwa kiganja. Kisha akauliza kitu ambacho Mama Zamu hakukipangia siku.

"Jumatano pale chuoni. Nilipokuonyesha picha. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukaniacha nijisifu."

Mama Zamu akasogeza kando kikombe cha chai iliyopoa.

"Siku sita umelala kitandani kwangu. Mimi nilidhani umekuja kuniona na mimi."

Mama Zamu akaketi kando yake. Alikuwa amempa kila mtu kwenye karatasi ile nafasi yake, na mtoto huyu alimtumia kama barabara. "Nilikuja kumwona mama yako," alisema mwisho. "Wewe nimekuona nikiwa njiani. Na nimekupenda. Yote mawili ni kweli, na radhi nakuomba kwa hilo la kukuona njiani tu."

Jumapili binti alimshushia mzigo hadi mlangoni. Uwanja wa ndege hakwenda. Jirani wa paka ndiye aliyempeleka, wakanyamaza njia nzima kwa kukosa lugha.

*

Yaliyofuata hayakuwa na mpangilio. Dada aliandika mwenyewe barua kwa chuo na kwa baraza la wafamasia, kwa hofu kwamba mdogo wake ataandika kwanza. Chuo kikaunda kamati, na mpaka leo kamati inakaa. Lakini watu wa hospitali walisikia, na wale hamsini waliopiga makofi wakawa hawapiti tena kwake. Binti akahama mtaa. Kwa miezi mitano hakumwandikia Mama Zamu hata neno, kisha siku moja akatuma salamu ya mstari mmoja: "Shikamoo mama mdogo. Sijapoa, ila shikamoo." Mama Zamu aliisoma mara nyingi kuliko alivyosoma ile barua ya chuo. Akaijibu: "Marahaba mwanangu. Poa taratibu." Sasa huandikiana, si kila wiki.

Dada yeye hupiga simu kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Hana mwingine wa kumpigia. Huanza na habari za magoti, halafu huangukia kule kule: baba, yule mzee mchumba, ufunguo wa posta, na jinsi alivyoogopa kila alipoona sare ya ofisa wa mpakani, mpaka akashindwa kuja kuwazika wazazi wake. Mama Zamu huweka simu mezani, sauti imefunguliwa, akikunja nguo zake. Huitikia "mm" pale panapostahili. Hamkati, na hamsaidii.

Dereva mmoja mstaafu, aliyezoea kuja kumsalimia, aliikuta simu hiyo siku moja. Alisubiri iishe.

"Mama Zamu, si umsamehe tu? Ndugu yako wa damu. Mmezeeka wote."

"Hapana."

"Na simu zake mbona unapokea?"

"Napokea. Anaomba samahani vizuri sana." Akachukua shuka, akampa pembe mbili amsaidie kulikunja. "Nataka kusikia tena wiki ijayo."